Tano Katika Matundu Sita

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru, huwa nimekwisha kufika kwenye uwanja wa shabaha ulioko uwandani, magharibi ya mji wa Arusha, nikiwa na begi la turubai na gunia dogo la makopo. Ndani ya begi mna rivolva moja, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya kaliba ya .22 (upana wa mtutu usiofika robo inchi), boksi moja la risasi hamsini, viziba masikio, miwani ya kinga, kitambaa na chupa ya mafuta mepesi. Ndani ya gunia mna makopo ya nyanya, ya maziwa ya unga na ya soda, ambayo mke wangu huyaosha na kunitunzia chini ya sinki mwezi mzima. Nikifika nayapanga mbele ya tuta la udongo, narudi nyuma hatua kumi na tano, na kwa muda wa saa moja na nusu nayatungua moja baada ya jingine, bila kushindana na mtu na bila kuandika alama popote. Nikirejea nyumbani Njiro nakuwa nimepumzika kuliko mtu aliyelala mchana kutwa.

Ndugu na majirani wameniuliza mara nyingi, wengine kwa mshangao wa dhati, inakuwaje mtu apumzike kwa kupiga risasi. Swali hilo nalielewa vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilimiliki silaha kwa miaka minane nikiwa sina raha nayo hata kidogo, na yale niliyojifunza baadaye nilifundishwa na rivolva ndogo ambayo wengi wakiiona huiona ni kitu cha kuchezea.

Nina duka la vipuri vya magari. Mwaka 2010, jioni moja tukiwa tunafunga hesabu, watu watatu waliingia wakijifanya wanatafuta bereingi za gurudumu la mbele, wakachukua mauzo ya siku mbili, na mmoja wao akampiga mdogo wangu kwa kitako cha bunduki hadi akapoteza meno mawili. Baada ya hapo niliomba leseni. Maombi yalianzia serikali ya mtaa, yakapanda ngazi kwa ngazi hadi polisi, na mwishowe nikaruhusiwa kumiliki bastola ya milimita 9. Niliinunua kwa hofu, na hofu ile ikaingia nayo ndani ya nyumba. Usiku nilikuwa nikiamka kwenda kuhakikisha kwamba sefu imefungwa. Watoto wakicheza karibu na chumba chetu moyo ulikuwa ukinipiga. Nikialikwa harusini nilianza kwanza kufikiri silaha itabaki wapi na nani atakuwa nyumbani, na mara kadhaa niliona ni nafuu nisiende. Mwaka 2016, wamiliki tulipotakiwa kupeleka silaha zetu polisi kwa ajili ya uhakiki, nilisimama kwenye foleni nikiwa na tumaini la siri kwamba wangeikuta na kasoro fulani waichukue. Hawakuikuta na kasoro, nikarudi nayo.

Uwanjani nilikuwa nikienda mara moja au mbili kwa mwaka, kwa kuwa niliambiwa kwamba mwenye silaha lazima aijue. Nilikuwa nikipiga risasi thelathini kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na karibu zote zilikwenda chini, upande wa kushoto wa karatasi. Kila mlio ulinikaza mabega. Nilipokuwa nikiondoka nilikuwa na kichwa kizito, na sikumbuki hata siku moja niliyotamani kubaki.

Ilikuwa katika mojawapo ya siku hizo, mwaka 2018, nilipomkuta Mzee. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mwisho kabisa wa mstari wa wapigaji, kofia yake ya kaki imeshushwa hadi kwenye nyusi, na mbele yake makopo matano yamepangwa juu ya gogo. Alikuwa akipiga polepole mno. Risasi moja, kisha kimya, kisha nyingine. Mlio wa silaha yake ulikuwa mkavu na mfupi, kama mtu anayevunja fito, na mara baada yake kopo lilikuwa likilia "ting!" na kuruka. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Aliipumzisha silaha juu ya meza, kilango cha kupakilia risasi kikiwa wazi, mtutu ukielekea kwenye tuta. "Nimekuwa nakusikiliza. Mbona unagombana na chuma chako?"

Sikuwa na jibu. Alinisogezea kigoda cha pili.

Mzee alikuwa mwenyeji wa upande wa Tengeru, na alikuwa amefanya kazi kwenye kambi za uwindaji kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kama mfuata nyayo, baadaye kama mkuu wa kambi. Alikuwa amesimama karibu na bunduki kubwa kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuziona, na ndiyo maana lilinigusa jambo hili, kwamba baada ya kustaafu alichagua kubaki na hii moja ndogo tu. Ilikuwa Ruger Single-Six ya zamani, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1953, yenye mtutu wa inchi tano na nusu na uzito wa karibu kilo moja. Aliinunua pamoja na hati zake miaka ya mwanzo ya 1970 kutoka kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa akifungasha mizigo kurudi kwao. Weusi wa chuma ulikuwa umefifia pale vidole vinaposhika, ukabaki ukijivu kama wa sufuria kuukuu, na mpini wake wa mbao ulikuwa umelainika kwa viganja hadi ukawa kama mpini wa jembe la mama.

Kabla hajaniruhusu kuigusa, alinionyesha namna inavyopakiwa, na tangu siku hiyo sijawahi kuipakia kwa namna nyingine. Unavuta nusu ile nyundo ya nyuma inayogonga risasi, silinda inakuwa huru kuzunguka. Unafungua kilango kidogo cha upande wa kulia. Halafu unasema, ikiwezekana kwa sauti: pakia moja, ruka moja, pakia nne. Unafunga kilango, unavuta nyundo hadi mwisho, kisha unaishusha taratibu kwa dole gumba, nayo inatua juu ya tundu lile uliloliruka. Silinda ina matundu sita, lakini haipakiwi zaidi ya risasi tano. Sababu yake ni kwamba katika rivolva hizi za zamani nyundo iliyolala inakaa karibu kabisa na kitako cha risasi, kiasi kwamba silaha ikianguka au ikigongwa kwa nyuma inaweza kufyatuka yenyewe. Kuanzia mwaka 1973 kiwanda kiliweka ndani yake kipande cha chuma cha kuzuia ajali hiyo, lakini ya Mzee ilikuwa imetengenezwa kabla ya hapo, na hakutaka ibadilishwe.

"Tundu moja liache likae bure," aliniambia. "Usitamani kuyajaza yote."

Nilipopiga ya kwanza nilikuwa nimejikaza kama kawaida yangu, nikisubiri kile kishindo kinachopanda hadi kwenye meno. Kishindo hakikuja. Mtutu uliinuka kidogo tu, kama ndege anayeinua kichwa, ukarudi mahali pake. Nadhani nilicheka. Risasi ile haikugusa kopo, lakini kwa mara ya kwanza katika miaka minane nilikuwa nimefyatua silaha nikiwa nimefumbua macho yote mawili.

Baadaye nilifuatilia kwa nini risasi hizi ni pole kiasi hicho. Kipande kinachotoka kwenye mtutu wa .22 ya kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati kile cha bastola yangu ya milimita 9 kilikuwa na gramu 8, na baruti inayosukuma kile cha .22 ni kidogo vilevile. Umbo lake pia lina jambo lake. Katika risasi nyingi, kiwashio ni kifuniko kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako. Katika hizi, dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako chote, na nyundo hugonga ukingo huo ukapondeka. Ndiyo maana ganda lililotumika huwa na kovu dogo pembeni, na ndiyo maana pia haliwezi kujazwa tena. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alianza kutengeneza risasi za namna hiyo mwaka 1845, ndogo mno, zisizo na baruti kabisa bali ile dawa ya kuwashia peke yake, na watu walizitumia kulenga shabaha ndani ya nyumba zao kwa burudani. Mwaka 1857 Wamarekani Smith & Wesson wakatoa rivolva yao ya kwanza ikiwa na risasi fupi ya .22, na mwaka 1887 ikaja hii ndefu zaidi ambayo hadi leo ndiyo inayouzwa madukani na ndiyo inayotumika katika mashindano ya bastola ya mita 25 ya wanawake kwenye Olimpiki. Nilifurahi kujua kwamba ukoo huu wa risasi ulianzia sebuleni, kwa watu waliotaka kujiburudisha. Hata Waingereza na Wamarekani, mchezo huu wa kutungua makopo wameuita kwa mlio wa kopo lenyewe linapopigwa.

Hata hivyo upole wake usimdanganye mtu. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na kwa kuwa ni madini laini yenye kichwa cha mviringo, ikigonga jiwe au uso wa maji hupinda njia na kwenda isikotarajiwa. Mzee hakukubali kamwe tuweke chupa wala mawe. Kopo likae mbele ya udongo laini, na tuta liwe refu kuliko mtu aliyesimama. Kila msimu wa mvua unapokwisha tunalifukua tuta lile na kuchekecha vipande vilivyomo, tunatoa ndoo nzima ya madini. Lugha yetu imeyapa madini yale na kile kinachotoka kwenye mtutu jina lile lile, risasi, na neno hilo hunikumbusha kunawa mikono kwa sabuni kabla sijagusa chapati au chai, kwa sababu madini ya risasi yakiingia mwilini yana sumu.

Kazi kubwa ya Mzee kwangu ilikuwa kuniondolea mshtuko. Alikuwa ameuona tangu dakika ya kwanza, lakini hakunieleza kwa maneno. Mwezi uliofuata alinipokonya silaha nilipotaka kupakia, akanipa mgongo, akapakia mwenyewe. Ndani ya silinda aliweka risasi tatu na maganda matupu mawili, maganda yakiwekwa ili nyundo isigonge ukingo wa chuma kitupu na kuuharibu, kisha akaizungusha silinda nisijue kipi kiko wapi, akafunga kilango na kunikabidhi.

"Piga kopo la katikati."

Nilivuta pumzi, nikalenga, nikabana kifyatulio. Risasi ilitoka, kopo likatikisika. Nikavuta nyundo, nikalenga tena, nikabana. Safari hii nyundo iliangukia ganda tupu: "ta", basi. Na katika ukimya ule niliuona mtutu wangu ukiporomoka chini vidole vitatu, kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu aliyeusukuma. Hakuna aliyeusukuma isipokuwa mimi. Mkono wangu ulikuwa unapambana na kishindo ambacho hakikuwapo.

Nilibaki nimeshikilia silaha ile nikiutazama mkono. Mzee alisema neno moja tu, "Umeona?" Kisha akaniacha nikae na nilichokiona.

Siku zile zote nilizokuwa nikilaumu bastola, karatasi na macho yangu, tatizo lilikuwa kwamba kila nilipobana kifyatulio nilikuwa narudi kwenye jioni ile ya dukani, mwili mzima ukijiandaa kupigwa. Kwa silaha yenye kishindo kikubwa nisingeweza kulijua hilo, kwa sababu kishindo chenyewe kinafunika kosa. Hii ndogo haikuwa na cha kulifunikia.

Tiba ilikuwa ndefu na ya kuchosha, nami naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniletea utulivu. Kwa miezi mitatu nilipiga risasi chache sana. Mzee alikuwa akiweka maganda matupu kwenye matundu yote, kisha analisimamisha ganda jingine juu ya bapa la chuma lililo juu ya silinda, kiganda chembamba kisichofika hata urefu wa kucha mbili, na kuniambia nibane kifyatulio lisianguke. Siku ya kwanza lilianguka kila mara. Niligundua kwamba ukikifikiria kifyatulio, ganda linaanguka. Ukilifikiria ganda, linaanguka vilevile. Njia iliyonifaa ilikuwa kuweka macho kwenye kilengeo cha mbele, kile kibanzi kilicho kwenye ncha ya mtutu, hadi nione mikwaruzo yake, na kukiacha kidole kiendelee kubana polepole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kopo lenyewe linabaki ukungu. Nyundo inaanguka bila wewe kujua itaanguka saa ngapi, na ganda bado limesimama.

Ulipofika mwezi wa nne, alichanganya tena risasi na maganda. Nilibana. "Ta." Mtutu haukutikisika. Nilibana tena, risasi ikatoka, kopo la nyanya likaruka juu na kupinduka mara mbili likiwaka jua. Mzee alikuwa akimenya chungwa. Alinipa nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa raha aliyokuwa akiifuata. Ukiwa umesimama mbele ya kopo, na macho yako yako kwenye kibanzi kile cha chuma, hakuna nafasi ya kufikiria kontena lililokwama bandarini wala mteja anayedaiwa. Nafasi haipo kabisa. Kisha risasi tano zinaisha, na hapo ndipo rivolva ya namna hii inapozidi silaha zote nilizowahi kuzishika, kwa sababu haikuruhusu kuendelea kwa haraka. Lazima ufungue kilango, usukume maganda moja moja kwa kile kijiti kilicho chini ya mtutu, uyasikie yakidondoka kwenye bati, uzungushe silinda, uchukue risasi moja, uruke, uchukue nne. Yote hayo yanachukua karibu dakika mbili. Katika dakika hizo mabega yanashuka, unasikia ndege kwenye migunga, unaona kivuli cha wingu kinavyopanda Meru, unanusa moshi mwembamba wa baruti uliochanganyika na vumbi. Bastola ya magazini ingekuwa imetema risasi kumi na tano na kudai nyingine. Kwa boksi la risasi hamsini nina mapumziko tisa ya namna hiyo, na kusema kweli nayapenda kuliko risasi zenyewe.

Kuna Jumamosi moja risasi iligoma. Nilibana, nyundo ikagonga, kimya. Nilidhani nimekosea hesabu, nikaanza kuigeuza silaha nitazame silinda. Mkono wa Mzee ulikuwa umekwisha kunishika kifundo kabla mtutu haujatoka kwenye mstari wa tuta. Sikujua kwamba bado ana nguvu kiasi kile.

"Hesabu," alisema.

"Nihesabu nini, Mzee?"

"Hesabu hadi thelathini. Mtutu hapo hapo."

Nilihesabu, mkono umenyooka, jasho linanitiririka kwenye kiwiko. Ndipo alipoeleza kwamba risasi hizi hugoma zaidi ya nyingine, kwa kuwa ile dawa ikiwa haikusambaa sawasawa kwenye ukingo, nyundo inaweza kuangukia mahali pasipo na kitu. Na kwamba mara chache sana moto huchelewa, ukaja baada ya wewe kukata tamaa. Ile yetu haikulipuka. Aliitoa, akanionyesha kovu la nyundo kwenye ukingo wake, akaitia kwenye kopo lenye mafuta lililotengwa kwa kazi hiyo. Nimeichukua hesabu ile hadi dukani. Mteja akinijia juu, au fundi akiniletea kifaa kilichovunjika akisema nilimuuzia kibovu, nahesabu kimoyomoyo huku mdomo wangu nimeuelekeza mahali salama.

Siku nyingine kijana wa Kimaasai alipita na mbuzi wake nyuma ya uwanja, mbali na tuta lakini upande ambao mtu mwangalifu hafyatui risasi ukiwa na kiumbe. Msimamizi alipandisha bendera nyekundu, sote tukafungua silaha zetu, tukaziweka mezani na kurudi nyuma ya mstari. Mbuzi wana mwendo wao. Walisimama kwenye kila kichaka. Tulikaa dakika ishirini na zaidi, watu saba wazima na risasi zetu, tukisubiri mbuzi wale washibe na kuendelea na safari. Mpigaji mmoja mgeni alikuwa akitazama saa. Mzee alinyanyuka, akaenda hadi kwenye uzio, akasalimiana na kijana yule kwa Kimaasai, wakazungumza kuhusu mvua ya Monduli na bei ya mbuzi kwenye mnada. Aliporudi, uso wake ulikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka kupiga makopo yote matano.

Mwaka 2021 macho yake yalianza kufifia kwa presha ya macho, na aliniita nyumbani akaniambia angependa rivolva ile ibaki kwangu. Kuhamisha umiliki wa silaha si jambo la kupeana mkononi, na ni vema iwe hivyo. Ilitubidi tuandike barua, tupeleke hati, tuitwe, turudi, tuhojiwe, kila mmoja kwa nafasi yake, na ilichukua miezi mingi. Wakati huo huo niliomba kuirejesha ile ya milimita 9 kwa utaratibu huo huo wa kisheria. Mdogo wangu alishangaa, akaniuliza nikivamiwa tena nitafanya nini. Nilimwambia tumekwisha kuweka milango miwili ya chuma, tunapeleka mauzo benki mchana badala ya kulala nayo, na malipo mengi sasa yanapitia kwenye simu. Huo ndio ulinzi wetu. Ile nyingine ilikuwa inalinda hofu yangu. Usiku wa kwanza baada ya kuirejesha nililala hadi adhana ya alfajiri iliponiamsha.

Rivolva naihifadhi kwenye sefu ile ile, risasi zake kwenye sefu nyingine. Siioni kati ya Jumamosi moja na nyingine, na siifikirii usiku.

Mwezi uliopita nilimpitia Mzee nyumbani, tukaenda naye. Sasa hatofautishi kopo na gogo, ila mwanga na kivuli anaviona. Nilimkalisha kwenye kigoda chake cha zamani, nikamvisha viziba masikio, naye akakilegeza kidogo cha upande mmoja ingawa nilimsihi asifanye hivyo. Alisema anataka kusikia. Nikamwambia basi akae nyuma zaidi, hatua kumi, akakubali.

Nilipanga makopo matano. Nikapakia moja, nikaruka moja, nikapakia nne. Ya kwanza ilipotoka kopo la maziwa lilitoa sauti nzito, "ngo!", naye akainua kidole kimoja. Ya pili na ya tatu yalikuwa ya soda, yakalia wembamba, vidole vitatu. Ya nne ilikuwa ya nyanya. Vidole vinne. Nilipobana ya tano, nilisikia mlio wa silaha, kisha "pu" hafifu huko mbele.

"Hiyo imekula udongo," alisema.

"Naam, Mzee."

"Ulishaanza kuyahesabu makopo."

Ilikuwa kweli, kabla ya kubana nilikuwa nimejiona tayari nimemaliza yote matano mbele yake. Nilitoa maganda, yakadondoka kwenye bati moja moja, nikamsogelea na kumwekea rivolva kiganjani, kilango wazi, mtutu ukielekea kwenye tuta. Alikipitisha kidole chake cha mwisho kwenye tundu la kwanza, akaizungusha silinda, akagusa la pili, akaendelea polepole hadi yote sita, midomo ikitikisika. Alipofika mwisho aliyarudia tena kuanzia mwanzo. Kisha akanirudishia, akaniomba nimpe risasi tano, akazishika kwenye ngumi yake na kunipa moja moja nilipokuwa nikipakia, akikaa kimya kidogo baada ya ile ya kwanza.